Akii-Bua: Bingwa wa njia ya kwanza aliyebaki mlangoni

Na Mwandishi Wetu

KANDO ya Ziwa Jipe, pale tambarare inapoanzia chini ya Milima ya Upare na ng'ambo ya maji ikawa ni ardhi ya Kenya, upo mchezo ambao baadhi ya wapenzi wa riadha huupitishia muda wakati wanunuzi wa perege kutoka Same na Mwanga wakisubiri mitumbwi irudi. Hauchezwi kwa miguu. Unachezwa kwa daftari la shule, kalamu na simu ya mkononi.

Kila mshiriki huchagua wanariadha wa enzi zote, walio hai na waliokwisha kufariki, akawapanga katika njia nane za uwanja wa kubuni. Kijana mwenye simu huingiza muda bora wa kila mmoja, programu ikapiga hesabu na kuchanganya bahati kidogo, kisha mshindi akatangazwa. Mwisho wa msimu hupigwa kura ya kuamua ni mstaafu yupi anayestahili kuandikwa katika kurasa za mwisho za daftari, ambazo wenyewe wameziita ukumbi wa mashujaa.

Mwandishi wa makala haya alilikuta baraza hilo limegawanyika pande mbili, chai ikipoa mezani. Kisa kilikuwa jina moja tu: John Akii-Bua wa Uganda, aliyefariki dunia mwaka 1997.

Vijana walishikilia kanuni. Nayo hawakuitunga wao, wameiazima kwa wakubwa. Mwaka 2012, Shirikisho la Kimataifa la Riadha, ambalo wakati huo lilijulikana kwa kifupi kama IAAF na sasa huitwa World Athletics, lilianzisha Ukumbi wa Mashujaa katika kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Kuingia humo, mwanariadha alitakiwa awe amestaafu kwa miaka isiyopungua 10, awe ametwaa angalau medali mbili za dhahabu za Olimpiki au za mashindano ya dunia, na awe amewahi kuweka rekodi ya dunia.

Akii-Bua rekodi anayo. Kustaafu amestaafu. Dhahabu anayo moja.

Kwa kijana mwenye simu, shauri lilikuwa limekwisha hapo. Kwa mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye husimulia kwamba mwaka 1972 alizisikia habari za Munich redioni akiwa bado mwanafunzi, shauri lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Swali lake lilikuwa jepesi na gumu kwa wakati mmoja: hiyo dhahabu ya pili, angeipatia wapi?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma na kuyatazama maisha ya mtu mwenyewe.

Mtoto wa chifu

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949 katika kijiji cha Abako, Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane, na watoto wa nyumba hiyo walifikia 43. Katika boma la namna hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba nafasi haigawiwi, hutafutwa.

Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa Lango. Shule aliiacha akiwa na miaka 15, akafanya kazi katika baa ya kaka yake kabla ya kujiunga na Polisi. Huko ndiko riadha ilikomkuta. Majeshi na polisi wa Afrika Mashariki wa miaka ile walikuwa ndiyo vyuo vya michezo vya nchi zao: walikuwa na viwanja, na walikuwa na muda, na askari akiamriwa kukimbia haulizi sababu.

Mkuu wake mmoja katika Polisi, Jorem Ochana, naye alikuwa mrukaji viunzi aliyesifika Afrika nzima. Ndiye aliyeona kwamba kijana huyu mrefu ana kitu. Inasimuliwa kwamba ili kumzoesha kupita chini chini juu ya kiunzi badala ya kuruka kama swala, Ochana aliweka fito juu ya kiunzi, hivyo kijana akijirusha mno paji lake la uso linakutana na fito. Alijifunza. Baadhi ya masomo hayo aliyabeba usoni kama makovu.

Kisha alikuja Mwingereza Malcolm Arnold, aliyeajiriwa kuwa kocha wa taifa wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960. Arnold, ambaye miaka mingi baadaye alimfundisha pia bingwa wa dunia Colin Jackson, alimhamisha Akii-Bua kutoka mbio za viunzi za mita 110 na kumpeleka katika mita 400. Uamuzi huo ndio uliozaa kila kilichofuata.

Kwa msomaji asiyeifahamu mbio hiyo, yafaa ielezwe. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja kamili, na njiani hukutana na viunzi 10, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 91.4, na kati ya kimoja na kingine zipo mita 35. Hesabu ya hatua ndiyo roho ya mchezo. Anayechoka hatua zake hufupika, na zikifupika hufika kwenye kiunzi kwa mguu asioutaka, akalazimika kujikata mwendo. Akii-Bua alikuwa na karama ambayo wengi hawakuwa nayo: aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kushoto au wa kulia, hivyo uchovu haukumtia katika mtego huo.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Scotland, alimaliza wa nne. Nafasi ya nne haina medali wala picha gazetini. Lakini mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Marekani na Afrika yaliyofanyika Durham, North Carolina, alikimbia kwa sekunde 49.0, na wataalamu wakaanza kuuliza huyu ni nani.

Mazoezi yake ya kuelekea Munich bado yanazungumzwa na makocha. Alikimbia kwenye miinuko akiwa amevaa fulana iliyojazwa vitu vizito, na wakati mwingine viunzi vyake vilipandishwa hadi kimo cha vile vya mita 110, yaani sentimita 106.7. Aliporudi kwenye viunzi vya kawaida bila fulana ile, bila shaka aliviona kama vizingiti vya mlango.

Sekunde 47.82

Safari ya Munich yenyewe nusura ifutwe. Nchi za Afrika zilitishia kujitoa iwapo Rhodesia ya walowezi ingeshiriki, na ni siku chache tu kabla ya ufunguzi, Agosti 1972, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliposalimu amri na kuiondoa Rhodesia. Waafrika wakabaki. Msomaji alikumbuke tukio hili, kwani miaka minne baadaye lilijirudia na halikumalizika hivyo.

Mwezi huohuo Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia nchini Uganda kwa muda wa siku 90. Jina la Uganda lilikuwa vinywani mwa watu dunia nzima, na si kwa heri.

Fainali ilikimbiwa Septemba 2, 1972. Akii-Bua alipangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo warukaji viunzi huiogopa kwa sababu kona zake ni kali kuliko nyingine zote na mtu mwenye miguu mirefu huyumbishwa. Katika fainali hiyo alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 katika Michezo ya Mexico mwaka 1968. Alikuwamo pia Mmarekani Ralph Mann.

Hemery alitoka kwa kasi kubwa na kwa nusu ya kwanza ya mbio ilionekana angeutetea ubingwa wake. Akii-Bua alimfikia taratibu katika kona ya mwisho, na walipoingia katika mita za mwisho hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumjibu. Alikata utepe kwa sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52.

Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia mbio hiyo chini ya sekunde 48 kabla ya jioni ile. Aliyevunja mpaka huo alikuwa askari polisi wa miaka 22 kutoka nchi ambayo haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote, tena akitokea njia ya kwanza.

Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kukimbia akiuzunguka uwanja, akiruka viunzi vilivyobaki na vingine visivyokuwapo, huku watazamaji wakiwa wamesimama. Siku tatu baadaye wanamichezo wa Israel walivamiwa katika kijiji cha Olimpiki, na furaha yote ya Munich ikafunikwa na msiba huo.

Nyumbani alipokewa kama mfalme. Alipandishwa cheo, akazawadiwa nyumba, na barabara mjini Kampala ikapewa jina lake. Mwaka 1973 alitwaa dhahabu nyingine katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, Nigeria. Hiyo, kwa kanuni ya Ukumbi wa Mashujaa, haihesabiwi.

Lakini kupendwa na Amin kulikuwa na bei yake. Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote aliyepinduliwa mwaka 1971, na Walango wengi waliuawa na askari wa utawala ule. Yeye akawa mfano ambao mtawala aliutumia kuonyesha kuwa Walango hawaonewi. Haikuwa nafasi ya mtu kulala usingizi.

Fainali ambayo haikukimbiwa

Hapa ndipo ubishi wa Jipe ulipopata moto, na ndipo Watanzania tunapoingia katika habari hii, tupende tusipende.

Julai 1976, wanamichezo wa Afrika walikuwa wamekwisha kuwasili Montreal, Canada, au walikuwa njiani. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, wiki chache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto. Afrika ilidai New Zealand iondolewe katika Michezo. Kamati ya Kimataifa ilikataa ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikafunga mizigo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia.

Filbert Bayi wetu, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu Februari 1974 kwa dakika 3:32.16, aliikosa mbio ambayo dunia ilikuwa ikiisubiri dhidi ya John Walker. Walker, ambaye ni raia wa New Zealand hiyohiyo, ndiye aliyetwaa dhahabu. Sisi huku bado tunaizungumza mbio ya Bayi na Walker. Ile ya Akii-Bua tumeisahau.

Julai 25, 1976, kijana wa Kimarekani aliyekuwa hajulikani sana, Edwin Moses, alishinda fainali ya viunzi mita 400 kwa sekunde 47.64 na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Mshindi wa pili, Mmarekani mwenzake Mike Shine, alimaliza kwa 48.69.

Kijana mwenye simu, kwa kuombwa na mzee, aliiingiza mbio hiyo katika programu yake. Namba zenyewe hazihitaji programu. Muda wa Akii-Bua wa Munich ungemweka nyuma ya Moses kwa sekunde 0.18 na mbele ya Shine kwa sekunde 0.87. Kwa karatasi, basi, Akii-Bua anatoka Montreal na fedha, si dhahabu, na vijana walishangilia wakiona kanuni yao imethibitishwa. Programu iliporudia mara kadhaa ikiwa na bahati yake ndani, Mganda alishinda baadhi ya mbio.

Mzee hakuukataa mchezo huo, ila alihoji msingi wake. Moses alikimbia 47.64 akiwa peke yake mbele, hakuna aliyemsumbua. Ni nani ajuaye angekimbiaje kama angemsikia bingwa wa Munich akija kwenye kona ya mwisho? Kwa upande mwingine, na hili vijana walilisema kwa haki, Akii-Bua wa 1976 alikuwa na miaka 26 na hakuwa lazima yule wa 1972. Huwezi kumchukua mtu wa Munich ukamsafirisha hadi Montreal kama kifurushi.

Mwandishi huyu anaona pande zote mbili zilikuwa zikikwepa jambo lenyewe. Suala si kama Akii-Bua angemshinda Moses. Suala ni kwamba kanuni inayodai dhahabu mbili inachukulia kwamba kila mtu alipewa nafasi mbili. Katika enzi za Akii-Bua hapakuwa na mashindano ya dunia ya riadha. Ya kwanza yalifanyika Helsinki, Finland, mwaka 1983. Taji kubwa lilikuwa moja tu, Olimpiki, na lilikuja mara moja kwa miaka minne. Mkimbiaji wa leo anaweza kupata mataji matano au sita ya kuwania katika muda uleule ambao Akii-Bua alikuwa na mawili, na mojawapo akanyang'anywa na uamuzi wa marais.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hilo lisemwe bila kigugumizi: Afrika iliyokaa kimya mwaka 1976 ingejidharau yenyewe. Lakini gharama yake ilibebwa na watu wanaohesabika kwa majina, na huyu ni mmoja wao. Kumwambia leo kwamba hana dhahabu ya pili ni kumdai deni ambalo si lake.

Vita na kambi

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Msomaji wa Kitanzania hahitaji kusimuliwa mengi. Karibu kila ukoo, wa Upareni ukiwamo, una mtu aliyevaa magwanda katika vita ile. Aprili 11, 1979, Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi yetu na ya wapiganaji wa Uganda.

Kwa Waganda wengi ilikuwa siku ya kuvunjika kwa minyororo. Kwa Akii-Bua ilikuwa ni hatari kutoka pande mbili. Wakati utawala wa Amin ukiyumba, Mlango yeyote aliyekuwa karibu na askari waliokata tamaa alikuwa mashakani. Na kwa waliokuwa wakija, afisa wa polisi aliyepewa cheo na nyumba na Amin angeweza kuonekana kibaraka. Alikimbilia Kenya na familia yake.

Bingwa wa Olimpiki akajikuta katika kambi ya wakimbizi, akisubiri chakula kwenye foleni kama mkimbizi mwingine yeyote.

Walioshughulika kumtoa walikuwa kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivivaa. Ilimpeleka Ujerumani Magharibi, nchi ileile alikopata utukufu wake, ikampa kazi katika makao yake makuu Herzogenaurach. Aliishi huko miaka kadhaa.

Kutoka huko alijitokeza mara ya mwisho. Mwaka 1980, akiwa na miaka 30, aliikimbilia Uganda katika Michezo ya Moscow. Hakufika fainali. Safari hii ni Wamarekani waliosusia, kwa sababu ya Afghanistan, hivyo Moses naye hakuwapo. Watu hao wawili, waliopokezana rekodi ya dunia, hawakuwahi kusimama kwenye mstari mmoja wa Olimpiki.

Ni mwaka huohuo Tanzania ilipopata medali zake mbili za fedha kupitia kwa Bayi na Suleiman Nyambui. Bayi alipata nafasi yake ya pili akiwa bado na nguvu. Akii-Bua aliipata baada ya vita na kambi.

Baadaye katika miaka ya 1980 alirejea Uganda, akarudi Polisi na kufundisha vijana. Hakuwa tajiri. Mkewe alitangulia kufariki. Naye alifariki Juni 20, 1997, mjini Kampala, akiwa na miaka 47, akiacha watoto 11. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa. Uwanja wa michezo wa Lira, mji mkuu wa Lango, unaitwa kwa jina lake.

Hoja za wapinzani

Haitakuwa haki kuwaacha vijana wa Jipe bila kuwapa nafasi, kwani hoja zao si za kitoto.

Ya kwanza ni kwamba ukimfungulia Akii-Bua mlango, utaufunga vipi kwa wengine? Hemery naye ana dhahabu moja na rekodi moja. Bayi ana rekodi ya mita 1,500 na ya maili, hana dhahabu ya Olimpiki. Mkenya Henry Rono, aliyefariki mwaka 2024, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na Olimpiki hakuiona kabisa kwa sababu nchi yake ilisusia mwaka 1976 na tena 1980. Ukumbi ukimpokea kila aliyezuiwa, walisema, utageuka kuwa ukumbi wa walioonewa.

Hoja hiyo ina uzito, lakini Hemery si mfano wake. Hemery alikwenda Munich kuutetea ubingwa, akakimbia, akashindwa na mtu aliyekuwa bora siku ile. Hiyo ndiyo nafasi ambayo Akii-Bua hakuipata. Kuhusu Rono, mzee alijibu kwamba hata yeye aandikwe, na kalamu iko mezani.

Ya pili ni ya muda. Karsten Warholm wa Norway alikimbia mbio hii kwa sekunde 45.94 katika Michezo ya Tokyo, Agosti 2021. Ukimweka Akii-Bua katika uwanja mmoja naye, kama programu ya simu inavyofanya, Mganda anamaliza nyuma kwa karibu sekunde mbili, na katika mbio hizi sekunde mbili ni umbali wa kuonea haya. Kijana mmoja alisema hawezi kumwita shujaa mtu anayeachwa hivyo.

Hapo programu ndiyo inayodanganya. Haijui viatu vya sasa wala sakafu za viwanja vya sasa, na haijui tofauti ya njia ya kwanza na ya tano. Kipimo bora kipo karibu nasi zaidi. Mwaka 2015 mjini Beijing, China, Mkenya Nicholas Bett, ambaye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2018, aliishangaza dunia kwa kutwaa ubingwa wa dunia wa viunzi mita 400. Alikimbia njia ya tisa, ya nje kabisa, ambako kona ni pana. Muda wake ulikuwa sekunde 47.79.

Miaka 43 ilikuwa imepita, na bingwa wa dunia alikuwa amekimbia haraka kuliko Akii-Bua kwa sekunde 0.03 tu. Kijana mwenye simu aliiangalia namba hiyo kwa muda, akaiangalia tena.

Lipo na jingine. Tangu Munich hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, fainali za Olimpiki za mbio hiyo kwa wanaume zimefanyika mara 13. Hakuna Mwafrika mwingine aliyetwaa dhahabu. El Hadj Amadou Dia Ba wa Senegal alikaribia mwaka 1988 mjini Seoul akapata fedha kwa sekunde 47.23, na Samuel Matete wa Zambia, bingwa wa dunia wa mwaka 1991, akapata fedha mwaka 1996. Uganda nayo ilisubiri dhahabu yake ya pili ya Olimpiki kwa miaka 40, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni jijini London, Agosti 2012.

Ni mwaka huohuo wa 2012 ambao Ukumbi wa Mashujaa wa IAAF ulifunguliwa. Waliingia Abebe Bikila wa Ethiopia, Kipchoge Keino wa Kenya na Edwin Moses mwenyewe, na hakuna atakayepinga hata mmoja wao. Moses aliendelea kushinda mbio 122 mfululizo kati ya mwaka 1977 na 1987. Aliyemtangulia katika orodha ya rekodi kama mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya 48 hakuwamo.

Mitumbwi ilianza kuonekana kupitia matete, na wanunuzi wakanyanyuka na ndoo zao. Kura ilipigwa haraka haraka, wengine wakiwa wamesimama. Akii-Bua alipata nne, wapinzani wanne, na daftari likafungwa bila jina lake hadi msimu ujao. Mzee aliondoka akidai kuhesabiwa upya, kwa kuwa mmoja wa wapiga kura alikuwa amenyoosha mkono kumwita muuza perege.